Msumari Uliokunjwa kwa Makusudi

Walimwita Bi Timazi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Katika mfuko wa aproni yake alitembea na timazi, uzi wenye kipande cha shaba kilichochongoka ncha, ule ambao waashi na maseremala huuning'iniza kupima kama kitu kimesimama wima, na kila alipoingia mahali aliutoa. Aliwahi kuupimia mlango wa ofisi ya mkuu wa chuo, mkuu mwenyewe akiwa ameketi ndani. Alitazama kwa kitambo, akaukunja uzi wake, akasema, "Habari za kazi," kwa sauti ya mtu anayempa pole mfiwa. Mumewe, fundi cherehani, hupenda kuwasimulia wateja kwamba siku ya kwanza bibi huyo alipofika nyumbani kwake aliupima mwimo wa mlango kabla hajakaribishwa kiti. "Akaniambia umeinama kulia," husema, pini zikiwa mdomoni. "Nikajua hapa anayeoa ni yeye, mimi naolewa."

Kwa miaka ishirini na minne alikuwa msaidizi wa karakana ya useremala katika chuo cha ufundi. Neno hilo, msaidizi, lilikuwa limechapwa kwenye kitambulisho chake chini ya picha ya mwanamke aliyekasirika, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wakufunzi walikuja na vyeti vyao, wakaandikwa kwenye ratiba, wakaingia karakanani, wakagundua kwamba randa ina mbele na nyuma, kisha wakamwita. "Bi Timazi, hebu waonyeshe hawa." Akawaonyesha. Mkufunzi akatoka nje kupokea simu, na simu ikadumu muhula mzima.

Aliwadharau wote. Dharau yake haikuwa ya kupayuka. Ilikuwa imepigwa randa, ikapigwa msasa, ikapakwa vanishi, na mtu angeweza kuikalia mwaka mzima bila kujua ameketi juu ya nini. Aliwadharau wakufunzi kwa mikono yao laini. Aliwadharau wanafunzi kwa kushika nyundo karibu na kichwa chake, kana kwamba wanamkaba kuku. Hakuwaeleza mambo, aliwapa amri. Amri kuu ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, ukutani juu ya jiliwa la kubania mbao: MSUMARI ULIOPINDA UNYOOSHWE KABLA HAUJARUDISHWA KOPONI. Aliyeuliza kwa nini alipewa kopo zima anyooshe.

Mwaka ule bodi ya mafunzo ilitoa utaratibu mpya. Fundi mwenye uzoefu wa muda mrefu angeweza kuthibitishwa kuwa mkufunzi, hata kama hana shahada, iwapo mkuu wa idara yake angempendekeza na mkaguzi wa bodi angeridhika naye. Mkaguzi alipita mara moja kila miaka mitatu. Bi Timazi alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Jambo lilikuwa wazi: ukaguzi huu, au basi tena. Ama angeondoka akiwa mkufunzi, ama angeondoka akiwa mwanamke aliyesaidia.

Mkuu wa idara aliitwa Daktari. Hakuwa amemtibu mtu yeyote; alikuwa na shahada ya uzamivu katika uongozi wa elimu, na alitembea karakanani akiwa ameshikilia tai yake kifuani, asije akaguswa na vumbi la mbao. Neno lake lilikuwa "kimsingi". Alilitanguliza mbele ya kila sentensi kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

"Kimsingi," alisema siku aliyomwita ofisini, "tunahitaji kitu cha kumshtua mkaguzi." Akamgeuzia simu. Katika picha palikuwa na boriti ndefu juu ya fremu ya mbao, sanduku zito upande mmoja, kamba upande wa pili. "Manati kubwa."

"Hiyo ni manjaniki," alisema Bi Timazi. "Mtambo wa kurushia mawe kwenye kuta za maadui."

"Kimsingi ni kitu kimoja."

"Si kitu kimoja."

"Manati ni silaha ya kale, mama. Tangu enzi na enzi. Hilo nitaliweka kwenye hotuba."

Bi Timazi alimtazama jinsi mtu anavyoutazama ubao ulioliwa na mchwa. Katika maktaba ya chuo palikuwa na kitabu kinene kisicho na jalada, chenye michoro ya mitambo ya zamani, na kwa miaka mingi alikuwa amekisoma saa ya chakula kwa ajili ya viungo vya mbao vilivyochorwa humo. Alijua kwamba manati ya panda na mipira ni mtoto wa juzi. Haikuwezekana mpaka watu walipojifunza kuupika utomvu wa mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke juani wala kukakamaa kwenye baridi, na wakati huo mizinga ilikuwa imebomoa miji kwa karne kadhaa. Kitu cha kale hasa ni teo: kamba mbili na kipande cha ngozi, ambacho mchungaji alikizungusha juu ya kichwa kisha akaiachia kamba moja. Wagiriki na Warumi walisokota mafungu ya kano za wanyama na nywele, wakachomeka mikono ya mbao katikati, wakauachia msokoto ufanye kazi. Wachina walichukua boriti, wakafunga teo kwenye ncha moja na kamba nyingi kwenye ncha ya pili, watu wakazivuta kwa pamoja. Kisha, katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, mtu fulani ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na ambaye Bi Timazi hakuwa na shaka kwamba alikuwa msaidizi wa karakana, alichoshwa na kelele za wavuta kamba. Akawaondoa wote, akaweka sanduku la mawe. Mawe hayagombani wala hayapokei simu.

Yote hayo alikuwa nayo kichwani, na hakusema hata moja. Aliona ni sawa na kumwagia maji mgongo wa bata.

"Nani ataiunda?" aliuliza.

"Idara."

"Nani katika idara?"

"Kimsingi, wewe." Daktari akatabasamu. "Ikivuka mstari wa mita sabini mbele ya mkaguzi, pendekezo lako nalitia sahihi palepale. Mbele ya watu."

"Na isipovuka?"

"Basi kimsingi tutakuwa tumejua."

Aliiunda kwa wiki saba. Fremu aliijenga kwa viungo vya ulimi na tundu, kila kimoja akikipima kwa uzi wake. Boriti aliipa mkono mrefu wa mita tatu na mkono mfupi usiofika mita moja, ili sanduku la kilo mia na sitini likishuka kidogo, ncha ya upande wa pili iende mbali, kwa kasi mara nne. Kwenye ncha hiyo alifunga teo. Kamba moja ya teo aliifunga moja kwa moja. Ya pili aliitia pete ya chuma, na pete hiyo ikavikwa kwenye msumari uliochomoza mwishoni mwa boriti. Mumewe alimshonea mpira wa ngozi, wakaujaza mchanga, kilo mbili kamili.

"Nimeshona suti za mabwana harusi," alisema mume akimkabidhi, "leo nimeshonea mchanga. Nimepanda cheo au nimeshuka?"

"Mchanga haulalamiki kwamba kiuno kinabana," alimjibu.

Daktari alipita karakanani mara tatu. Mara ya kwanza alitaka uzito uongezwe maradufu, kwa kuwa zaidi ni zaidi. Mara ya pili aliona sanduku linaning'inia kwenye pini yake, likabembea alipoligusa kwa kidole.

"Hili linayumba. Kimsingi lifungwe bolti."

"Nitaliangalia," alisema Bi Timazi, na hakuliangalia. Sanduku lililofungwa bolti hulazimika kuzunguka pamoja na boriti, likabaki na mwendo wake lenyewe, mwendo usiomfaa mtu. Linaloning'inia huanguka karibu wima, na boriti inaposimama, sanduku huwa limekaribia kutulia, kasi yake yote imeshapokelewa na teo. Angeweza kumweleza hayo kwa dakika mbili. Aliona dakika mbili ni nyingi. Mara ya tatu Daktari alitaka mtambo upakwe rangi ya samawati, rangi ya chuo. Hilo lilifanyika.

Wa mwisho kuuliza alikuwa Mtunza Stoo. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mnene, mwepesi wa kucheka, aliyebeba funguo zote za chuo kwenye kamba shingoni na akawa anasikika kabla hajaonekana. Miaka kumi na mitano nyuma alikuwa mwanafunzi wa Bi Timazi. Katika chuo kizima ndiye peke yake aliyemwita Mwalimu, na Bi Timazi alimdharau kidogo kwa hilo, kama tunavyomdharau mtu anayetusifu bila kuombwa.

"Mwalimu," aliuliza, "hili jiwe linajuaje wakati wa kuchomoka?"

"Wewe shughulika na kufuli zako."

"Haya, Mwalimu," alisema Mtunza Stoo, akacheka, akaenda na funguo zake.

Majaribio Bi Timazi aliyafanya Jumapili, peke yake, kiwanja kikiwa kitupu, kwa sababu hakutaka mtu ashuhudie lolote ambalo halijanyooka. Aliishusha boriti kwa winchi ya mnyororo, akaingiza pini, akarudi nyuma na kamba, akavuta. Msumari ulikuwa umenyooka kama alivyoupigilia. Pete ikachomoka mapema mno. Mpira ukapaa juu, ukasita, ukarudi nyuma yake ukapasua ndoo ya maji aliyokuja nayo. Akautia msumari kipande cha bomba, akaukunja kidogo kuelekea upande wa shabaha. Pete ikang'ang'ania zaidi, mpira ukaenda mbele, lakini juu sana. Akaukunja tena. Urushaji wa tisa ulikuwa chini mno, ukalima nyasi. Akaurudisha unywele mmoja. Wa kumi na moja ulivuka mstari wa chokaa wa mita sabini na kutua hatua nane mbele yake, na Bi Timazi, ambaye hakuna aliyemwona akicheka tangu chuo kibadilishe paa, alicheka peke yake katikati ya kiwanja.

"Kwa hiyo siri yote ni msumari uliopinda," alisema mumewe jioni, akitia uzi kwenye sindano ya cherehani. "Wewe. Msumari uliopinda."

"Haujapinda. Umekunjwa."

"Umemwambia nani?"

"Nani ana kichwa cha kulibeba hilo?"

"Mimi umeniambia."

"Wewe utalisahau."

Mume akakanyaga cherehani, ikanguruma kidogo, akaisimamisha. "Mke wangu, siku utakayopata mafua, mtambo huo utakuwa mbao tu."

Bi Timazi alipima mwimo wa mlango kwa macho, akauona bado umeinama kulia.

Siku ya ukaguzi, asubuhi na mapema, Daktari alihamisha hema la wageni. Bi Timazi alikuwa amechora kwa chokaa sehemu ya watazamaji, ubavuni mwa mtambo, na kuandika kwa herufi kubwa kwamba mtu asisimame mbele wala nyuma yake. Alikuta hema limesimikwa nyuma, hatua thelathini kutoka kwenye manjaniki, viti vimepangwa, na katikati kiti kimoja cha sofa kilichotolewa ofisini, kimevikwa kitambaa cheupe cha kufumwa.

"Watu wakae ubavuni," alisema.

"Ubavuni jua litawapiga usoni," alisema Daktari. "Nimkalishe mgeni wa bodi kama mpita njia? Kimsingi wewe simama pale kwenye maji. Wasaidizi wote wako kwenye maji."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba aliyeunda mtambo alisimama nyuma ya meza ya chupa za maji, kwenye kona ya hema, mbali na mtambo wake. Aliona tu kwamba umefutwa vumbi na unang'aa, na kwamba boriti imeshushwa tayari. Mtunza Stoo alimpungia mkono kutoka kwenye mtambo, akiwa na kitambaa cha mafuta, uso umejaa furaha. Bi Timazi hakumpungia.

Mkaguzi alikuwa mzee mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni na macho ya mtu aliyekwisha kuona maonyesho mengi. Alikataa kiti cha sofa, akachagua cha plastiki pembeni. Kwa hiyo Daktari alikikalia yeye, akangoja apigiwe makofi, kisha akainuka kuhutubia.

"Kimsingi, nilipoubuni mtambo huu," alianza.

Bi Timazi aliweka chupa ya maji mezani taratibu sana.

Hotuba ilipita kwenye manati za kale, ikapita kwenye dira ya chuo, ikapita kwenye maisha ya Daktari mwenyewe, ikafika kwenye ahadi ya kutia sahihi pendekezo la msaidizi wake mbele ya watu, mpira ukivuka mstari. Mwishowe aliishika kamba ya kufyatulia kwa vidole viwili, tai ikiwa imetupwa begani, akahesabu mpaka tatu, akavuta.

Sanduku likashuka. Boriti ikaruka. Teo ikavuma. Watu wote wakaelekeza macho kwenye mstari wa chokaa, wakangoja. Bi Timazi peke yake alitazama juu, kwa sababu sikio lake lilikuwa limesikia pete ikichomoka kabla ya wakati. Mpira wa ngozi ulikuwa nukta nyeusi angani. Ukasita. Ukaanza kurudi.

"Tokeni!" alipiga kelele, na kwa kuwa hakuwahi kupaza sauti chuoni hapo, wote wakatoka.

Ulitoboa turubai, ukatua katikati ya kiti cha sofa. Miguu ya kiti ilitawanyika pande nne kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na kitambaa cha kufumwa kikazama ndani ya shimo. Kisha mwanafunzi mmoja nyuma akasema, "Shabaha!" na nusu ya kiwanja ikafa kwa kicheko.

Mkaguzi alikiendea kiti, akakizunguka, akarudi. "Kwa nini umerudi nyuma?" alimuuliza Daktari.

"Kimsingi, upepo."

Mkaguzi alitazama bendera ya chuo. Ilikuwa imelala kwenye mlingoti kama nguo iliyoanikwa. "Upepo gani?"

"Upepo wa juu."

"Wa juu," alirudia mkaguzi, akaandika kitu, na kalamu yake ilikuwa na heshima kuliko uso wake.

Bi Timazi alikuwa ameshafika kwenye mtambo. Ncha ya boriti ilikuwa bado inatikisika. Aliishika, akautazama msumari. Ulikuwa umenyooka kama miali ya jua, umesuguliwa kwa msasa, umepakwa mafuta.

"Nani ameugusa huu?"

"Mimi, Mwalimu," alisema Mtunza Stoo. Alisimama wima, funguo zikiwa zimetulia kifuani. "Niliukuta umepinda. Nikasema, wageni wanakuja, na kazi ni ya Mwalimu, haiwezi kuwa na msumari uliopinda. Nikaupiga nyundo polepole mpaka ukanyooka. Nikaupaka na mafuta." Akaziona nyuso, akaanza kuelewa. "Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Huyu!" Daktari aliruka kama aliyetupiwa kamba ya kuokolewa. "Bwana Mkaguzi, umesikia kwa masikio yako. Kimsingi huyu ndiye aliyeharibu. Mtunza stoo! Anaingilia kazi ya kihandisi!"

Njia ilikuwa wazi na laini. Bi Timazi aliiona yote. Mtambo ulikuwa mzuri. Mtu mjinga aliuharibu. Mtu mjinga mwingine alikuwa amekwisha kumtaja. Ilibidi anyamaze tu, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoifanya kwa ufundi kuliko zote. Pendekezo lingetiwa sahihi, mkaguzi angehurumia. Akamtazama Mtunza Stoo, akitafuta ile dharau yake ya zamani, akaipata, lakini safari hii haikukaa sawa. Ilikuwa imeinama, na ilimwinamia yeye. Katika miaka ishirini na minne alikuwa amewalaani watu kwa kutomsikiliza. Huyu mmoja alikuwa amemsikiliza kila neno, na hiki ndicho alichokuwa amepewa kusikiliza.

"Hajaharibu," alisema. "Amefanya nilichomfundisha. Msumari niliukunja mimi kwa makusudi, sikumwambia mtu sababu. Na aliniuliza. Nikamwambia ashughulike na kufuli."

"Makusudi gani?" aliuliza mkaguzi.

Bi Timazi alitoa uzi wake mfukoni. Ulikuwa na kitanzi kidogo mwishoni. Akakivika kwenye kidole cha shahada, kidole kikiwa kimenyooka, akaurusha mkono mbele. Kitanzi kikachomoka mara moja, kipande cha shaba kikaruka juu, kikaangukia nyuma ya bega lake.

"Kidole kikinyooka, kinaachia mapema," alisema. Sauti yake ilikuwa na kutu, kama bawaba isiyotumika. Akakiokota, akakivika tena, safari hii akiwa amekunja kidole kidogo. "Kikikunjwa, kitanzi kinang'ang'ania mpaka mkono umesimama na teo imeupita. Hapo ndipo kinaachia." Akarusha. Shaba ikaenda mbele, ikaanguka miguuni mwa Daktari, ambaye alirudi hatua moja. "Ukikunja kupita kiasi, kinachelewa, jiwe linalima udongo. Kwa hiyo si nguvu peke yake inayopeleka jiwe mbali. Ni wakati wa kuliachia."

"Ehee!" alisema Mtunza Stoo kwa sauti, akasahau kwamba yumo matatani. "Kumbe linajua kwa sababu ya kidole!"

"Leta bomba," alimwambia Bi Timazi. "Hapana, usinipe. Utaukunja wewe."

Akaukunja. Bi Timazi alisimama karibu yake, mikono nyuma, na ilionekana kumgharimu sana kutoinyoosha. "Bado. Kidogo tena. Umepita. Rudisha unywele mmoja. Basi." Wakashusha boriti kwa winchi. Safari hii Bi Timazi aliwahamisha wote ubavuni, mkaguzi akiwamo, na hakuna aliyelalamikia jua. Mtunza Stoo akavuta kamba. Mpira ukaondoka kwa mlio mwingine kabisa, mlio uliokamilika, ukavuka mstari, ukatua hatua sita mbele yake.

Kelele zilipotulia mkaguzi alimsogelea Bi Timazi. "Haya uliyoyasema leo, umewahi kumfundisha nani?"

"Hakuna."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema aliitwa msaidizi. Angeweza kusema hakuwa kwenye ratiba. "Niliwaona hawana kichwa cha kuyabeba."

"Na huyu mwenye funguo?"

Bi Timazi alimtazama Mtunza Stoo, aliyekuwa akiwaonyesha wanafunzi kidole kilichokunjwa na kilichonyooka, kilichokunjwa na kilichonyooka. "Huyu sikuwahi kumjaribu."

Mkaguzi aliirudisha kalamu mfukoni. "Mtambo nimeuona. Mtambo haukuomba kuthibitishwa, umeomba wewe. Jumatatu nitakaa nyuma ya darasa lako." Kisha akamgeukia Daktari. "Na ile ahadi niliyosikia kwenye hotuba, ya kutia sahihi mbele ya watu?"

Daktari alitia sahihi pendekezo akiwa amesimama, kwa kuwa hakuwa na kiti.

Jumatatu, wanafunzi thelathini na mmoja walikuta kwenye kila benchi msumari mmoja uliopinda. Hawakungoja kuambiwa. Nyundo zikaanza kulia karakana nzima. Mkaguzi alikuwa nyuma, kwenye stuli, daftari limefungwa. Mtunza Stoo alikuwa mlangoni na kufuli ambayo haikuhitaji kufunguliwa.

Bi Timazi aliingia, akawatazama. Walikuwa wameshika nyundo karibu na kichwa, kama wanaokaba kuku. Akawadharau, kwa mazoea, kwa muda wa pumzi moja.

"Wekeni nyundo chini."

Wakaziweka. Mmoja wa mbele akanyoosha kidole ukutani, kwenye maandishi mekundu. "Lakini Mwalimu, si imeandikwa pale?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanafunzi kumwita hivyo, na hakuwa na hakika kama kijana yule alikuwa amelichukua neno hilo kwa Mtunza Stoo au kwa mgeni aliyekaa nyuma. "Imeandikwa," alisema. "Niliandika mimi, na niliandika nusu. Shikeni misumari yenu. Kabla hamjainyoosha, kila mmoja aniambie wake umepindwa na nini: nyundo iliyokosea, fundo la mbao, au mkono wa mtu aliyejua anachofanya. Mmoja kati ya hiyo thelathini na mmoja nimeukunja mwenyewe. Nani anao?"

Wakaanza kubishana, kwanza kwa kunong'ona, halafu kwa sauti, na Bi Timazi akapita benchi hadi benchi akisikiliza upuuzi wao wote mpaka mwisho, jambo ambalo lilimchosha kuliko kupasua magogo. Mkaguzi aliondoka kabla ya kengele, bila kuaga. Alikuwa ameacha karatasi juu ya stuli, na karatasi ilikuwa na mhuri.

Kitambulisho kipya kilifika ikiwa imebaki miezi mitano astaafu. Kilisema MKUFUNZI, na juu ya neno hilo palikuwa na picha ileile ya mwanamke aliyekasirika, kwa sababu ofisi haikuona haja ya kupiga nyingine. Mumewe alikitundika kwenye msumari juu ya cherehani yake ili wateja wakione. Bi Timazi alisimama hatua mbili nyuma, akatoa uzi, akapima.

"Kimeinama?" aliuliza mume.

"Kulia," alisema, akakiacha hivyohivyo.